Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Musau

Ruqaya Ramadhan hakuchagua kazi ya giaboksi. Baba yake aliingiwa na mtoto wa jicho wakati gereji ingali imejaa kazi, na kwa kuwa hakutaka wateja wajue, alimkalisha binti yake kando akaazima mikono yake. Mzee anasema, Ruqaya anafanya.

"Gusa ile ya kati. Iko na kidonda?"

"Iko nacho, Baba."

"Upande gani?"

Miaka tisa walifanya kazi namna hiyo, mzee ameinamisha kichwa kana kwamba anatazama, binti ameingiza mikono kwenye oili hadi kwenye viwiko. Siku ya mazishi ndipo watu wa Machakos walipojua kwamba fundi waliyekuwa wakimsifu alikuwa haoni kitambo, na kwamba mikono iliyofunga magari yao ilikuwa ya msichana. Wengine walikasirika. Wengi walirudi wiki iliyofuata na magari yao.

Sasa ana miaka arubaini na sita. Gereji ni ile ile, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye mteremko unaoshuka kutoka stendi, na ukisimama mlangoni unaiona milima ya Iveti yote. Mumewe, Farhan, huendesha lori na hulala nyumbani siku mbili kwa wiki. Binti yao Sumayya yuko chuoni Nairobi. Ruqaya huvaa ovaroli juu ya dera, kilemba amekifunga nyuma, na akikutana na mwanamume asiye wake huweka kiganja kifuani badala ya kumpa mkono. Wateja wamezoea. Anaishika liva ya gia, anaisukuma mara mbili, kisha anakwambia kinachoumwa humo ndani.

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, mwanamume mmoja alileta gari lake likiwa limefungwa juu ya lori. Lilikuwa gari dogo la spoti la Kijapani, viti viwili tu, jekundu lililopaukia jua. Mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe, mkono wa kushoto umekunjwa tumboni kama aliyefungwa bendeji isiyoonekana.

"Mama Sumayya, mimi ni Musau. Nafunza hesabu huko Matuu. Nimesikia ulimtengenezea kijana wa Syokimau gia za kuvuta na kusukuma tu."

"Nilimtengenezea. Lakini lile lilikuwa gari la mashindano, mwalimu."

"Hili si la mashindano. Mkono wangu ndio shida. Unaenda mbele, unarudi nyuma. Pembeni haufiki."

Ruqaya alielewa mara moja. Gia za kawaida hutembea kama herufi H: ya kwanza juu, ya pili chini, na ili uipate ya tatu lazima usogeze liva pembeni kabla ya kuisukuma tena. Mtu ambaye bega lake haligeuki hakwami kwenye ya kwanza wala ya pili, anakwama pale katikati. Alichotaka mwalimu ni liva isiyojua pembeni. Unaivuta, gia inapanda moja. Unaisukuma, inashuka moja. Hakuna kuruka, hakuna kutafuta.

"Itachukua mwezi," Ruqaya akamwambia. "Kile kifaa sinunui. Nakichonga mwenyewe."

"Hata miwili," mwalimu akasema. Alitoa ufunguo kwa mkono wa kulia, akasita, kisha akasema jambo ambalo Ruqaya hakulitilia maanani wakati ule. "Ukiliwasha, usikae ndani sana."

Kabla ya kufungua giaboksi yoyote, Ruqaya huisikiliza kwanza. Kesho yake asubuhi aliinua gari juu ya stuli za chuma, magurudumu yote yakiwa hewani, akaingia upande wa dereva, akawasha. Aliweka gia ya kwanza kwa mkono wake, akaachia klachi, magurudumu yakazunguka. Sauti nzuri. Aliongeza moto mpaka injini ikaanza kulia ikitaka gia ya pili, akakanyaga klachi, akainua mkono kutoka kwenye usukani.

Liva ikashuka kwenye gia ya pili kabla hajaifikia.

Ilishuka taratibu, bila mshtuko, kama inavyoshushwa na mtu aliyefanya kazi hiyo mara elfu. Ruqaya alibaki ameacha mkono hewani. Nje, mtu alikuwa anapakia mabati kwenye mkokoteni, na mwingine anabishana naye. Mchana mweupe. Aliachia klachi, injini ikashika. Akaongeza moto tena. Akakanyaga.

Liva ikapanda hadi katikati, ikasogea pembeni, ikapanda tena. Ya tatu.

Alizima gari, akatoka, akakaa juu ya tairi kuukuu. Alisoma Ayatul Kursi yote, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akafikiri kama fundi. Gia inaweza kuruka yenyewe na kutoka. Ameona mamia: springi ikilegea, meno yakilika, inakutupa nyutro ukiwa mlimani. Lakini gia kuingia yenyewe, tena kwa kukata kona, ni kitu ambacho baba yake hakuwahi kumwambia na yeye hakuwahi kukisikia kwa fundi yeyote kutoka hapa hadi Mombasa.

Aliishusha giaboksi, akaifungua mezani. Ilikuwa safi. Springi ngumu, golori zake zote mahali pake, uma tatu za chuma zinazosukuma gia hazijapinda hata kidogo. Akatafuta kosa siku mbili, kwa sababu angelipata kosa angelala vizuri. Hakulipata.

Alichopata kilikuwa juu ya liva. Kichwa chake kilikuwa cha mbao, kimechongwa na mmoja wa wachonga vinyago wa Wamunyu bila shaka, na kilikuwa kimelika upande mmoja. Magari yetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo anabadilisha gia kwa mkono wa kushoto, na kichwa cha liva hulika upande wa dereva. Hiki kililika upande wa abiria. Kilikuwa hata na mikwaruzo midogo iliyopangana, ya pete. Ruqaya alikifunika kwa kiganja chake cha kulia, akiwa amesimama upande wa kushoto, na vidole vyake vikatulia kwenye mashimo yale kama vilivyopimwa. Alikiachia haraka.

Jumamosi mwalimu alikuja kuangalia kazi. Giaboksi ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo, Ruqaya amechuchumaa chini yake anapima urefu. Kwenye winchi kitu kikateleza. Mnyororo ukakimbia, chuma kile chote kikaanza kushuka juu ya magoti yake, na hata hajapata kupiga kelele mwalimu alikuwa ameruka, ameudaka mnyororo juu ya kichwa chake na kuuvuta pembeni kwa nguvu, akaisukuma giaboksi mpaka ikagonga ukuta.

Vumbi lilipotulia, wote wawili walikuwa wanaangalia kitu kimoja. Mkono uliokuwa umeshika mnyororo ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa umenyooka pembeni mpaka mwisho, imara kama mti.

"Ulipona lini, mwalimu?" Ruqaya akauliza.

Musau aliushusha ule mkono polepole. Alitafuta pa kukaa, akakalia mkebe wa oili.

"Umeona liva ikitembea?" naye akauliza.

"Nimeona."

"Basi nitakwambia. Sijaambia mtu."

Mkewe aliitwa Nthenya. Alikuwa fundi cherehani, na kabla ya kuolewa hakuwahi kushika gari. Miaka sita iliyopita Musau alianguka kutoka kwenye paa akipaka rangi mabati, mkono wa kushoto ukavunjika. Alipenda hili gari kuliko akili, asingeweza kuliacha miezi mitatu. Basi Nthenya akawa anakaa kiti cha abiria anabadilisha gia. Mwanzoni Musau alikuwa anamwambia: ya pili, ya tatu, rudi. Baada ya wiki mbili hakukuwa na haja ya kusema. Nthenya alikuwa akisikiliza injini, na mguu wa Musau ukigusa klachi tu, mkono wake unapita.

"Tulikuwa tunaenda Katangi, tunaenda mpaka Kitui, watu wanashangaa gari la watu wawili linaendeshwa na watu wawili," Musau akasema. "Daktari alitoa plasta baada ya miezi mitatu. Akasema mkono uko sawa kabisa. Nilifika nyumbani nikamwambia Nthenya bado."

"Kwa nini?"

"Nilipenda mkono wake ukiwa pale."

Alisema hivyo bila aibu, kama anayetoa jibu la hesabu. Mwezi ukapita, halafu mwaka. Kila alipotaka kumwambia aliona amechelewa, kwamba atamwonyesha ni muda gani amemdanganya. Nyumbani akajizoeza kubeba kila kitu kwa mkono wa kulia. Nthenya akawa anamfunga vifungo vya shati, anamkatia nyama kwenye sahani. Miaka mitatu.

Hapo sauti ya mwalimu ilibadilika.

"Aliamka asubuhi moja na homa, kichwa kinamuuma hata hawezi kufungua macho. Nikamweka ndani ya gari tuende hospitali. Matuu mpaka Thika, Mama Sumayya. Barabara yote ile. Nilikanyaga klachi ya kwanza nikasema leo nitatumia mkono wangu, potelea mbali. Lakini mkono wake ukawa umeshafika. Amefunga macho, amelaza kichwa kwa kioo, anatetemeka, na anabadilisha gia. Kila kilima. Kila tuta. Na mimi niliacha. Niliogopa kumwonyesha mkono mzima siku hiyo. Nikasema nitamwambia akipona." Alikishika kifundo cha mkono wake wa kushoto. "Gia ya mwisho aliitoa kwenye geti la hospitali. Hakufika jioni."

Nje wapakiaji mabati wa siku hiyo walikuwa wameondoka. Upepo ulikuwa unasukuma mfuko wa karatasi sakafuni, unakwenda na kurudi.

"Baada ya matanga niliingia kwa gari," mwalimu akasema. "Nikakanyaga klachi. Ikaingia."

"Na hii kazi uliyonipa?"

"Bado anadhani mkono ni mbovu. Unaelewa? Hajapumzika kwa sababu yangu. Nikiwa na gia ambayo mtu mwenye mkono mbovu anaweza kuendesha peke yake, ataona hakuna haja... si kwamba sina haja naye."

"Mwambie ukweli tu, mwalimu."

"Nimejaribu. Nakaa mle ndani nafungua mdomo. Utaanzaje?"

Katika dini ya Ruqaya aliyekwenda amekwenda, na kinachobaki kikizungukazunguka si yule mtu. Aliamini hivyo na bado anaamini. Lakini alikuwa ameona liva ikikata kona. Usiku alimpigia Farhan simu akamwambia habari za mvua, na hilo lingine hakulitaja.

Akaichonga kazi. Kile kifaa, mafundi hukiita dramu, ni kipande cha chuma kinene kama mkebe wa maziwa ya unga, na juu yake mfereji mmoja unaozunguka kwa kupindapinda. Ukivuta liva, dramu inazunguka hatua moja, na mfereji unakipeleka kidole cha chuma pembeni na mbele kwa mpango, mpaka kwenye gia inayofuata. Kwa maneno mengine, ile kona ya herufi H haikuondoka. Ilihamia ndani, mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Ruqaya aliikereza mara tatu kabla mfereji haujakaa sawa. Wiki nzima ya mwisho alikuwa anapiga hatua kwa hatua mezani: nyutro, moja, mbili, tatu, nne, tano, na kurudi. Kwenye liva mpya aliweka kichwa cha chuma kitupu. Kile cha mbao alikifunga kwenye kitambaa, akampa mwalimu mkononi, naye akakitia mfukoni bila kukifungua.

Siku ya kujaribu ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua la kutosha. Walichukua barabara ya Mutituni. Gari lilikuwa na viti viwili tu, na fundi lazima asikie kazi yake ikiwa barabarani, kwa hiyo Ruqaya alikaa upande wa abiria. Aliweka mikono yote miwili juu ya mapaja, akaifumbata.

Mwalimu alivuta ya kwanza kwa mkono wa kushoto. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Tik, tik, tik. Hakuna kilichotembea chenyewe. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Iko sawa," Ruqaya akasema. "Twende Kyamwilu tujaribu nyutro."

Alikuwa na sababu ya kikazi. Kwenye gia za namna hii nyutro ndiyo nyembamba kuliko zote, na alitaka gari litembee bila injini aone kama dramu itatulia. Na Kyamwilu kila mtu anapajua: unazima gari, unaweka nyutro, na gari linapanda kilima. Watu hutoka mbali kuja kuangalia. Ruqaya alipazoea tangu utotoni, maji yakimwagwa yanapanda, na hakupaogopa.

Siku hiyo hapakuwa na mtu. Mwalimu alisimamisha, akazima, akaachia breki. Gari likatulia kitambo, kisha likaanza kupanda, polepole, bila sauti isipokuwa kokoto chini ya magurudumu. Mwalimu, kwa mazoea tu, akakanyaga klachi.

Mkono wa kulia wa Ruqaya ukainuka kutoka mapajani mwake.

Hakuuinua yeye. Aliutazama ukienda kama unavyotazama mkono wa mtu mwingine. Ulikifunika kichwa cha liva, vidole vikakaa kwa mpangilio usio wake wa siku zote, kile cha pete kimetangulia mbele kidogo. Ukavuta. Tik. Gia ya kwanza. Alijaribu kuurudisha. Alijaribu kupiga bismillahi, ulimi ukawa mzito. Miaka tisa aliwahi kumwazima baba yake mikono hii, lakini baba yake alikuwa akiomba.

Mwalimu hakumtazama usoni. Alikuwa anautazama mkono. Gari lilikuwa linaendelea kupanda lenyewe, mguu wake umegandia klachi.

"Nthenya," akasema. Halafu akaanza kusema Kikamba, kwa haraka, na Ruqaya, ambaye mama yake ni wa Katangi, aliyaelewa yote. Alimwambia mkewe mkono ulipona siku ya plasta. Alimwambia miaka mitatu nilikudanganya. Alimwambia ile siku ya homa ningeweza kuendesha mwenyewe, ungelala, nilikuwa mzima, nilikaa nikakuangalia. Alisema hivyo mara tatu au nne, kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akauzungusha pembeni, juu, nyuma, kama mtoto anayeonyesha kwamba hajaficha kitu.

Mkono wa Ruqaya ukaiachia liva. Ukapita hewani, ukaushika mkono wa mwalimu kwenye kifundo, na kuanza kupanda. Ulibonyeza mfupa kidogo kidogo, kwa kidole gumba, kama fundi cherehani anayetafuta sindano iliyopotea kwenye pindo. Chini kidogo ya bega ukasimama. Hapo palikuwa na uvimbe mdogo mgumu, mahali mfupa ulipoungana. Hakuna aliyewahi kumwambia Ruqaya ulivunjikia wapi. Kidole gumba kikapazunguka pale, mara moja, mara mbili, kikipima.

Kisha mkono ukamfinya. Ulimfinya kwa nguvu, mpaka mwalimu akaguta.

Na hapo ukaanguka juu ya goti la Ruqaya, ukiwa wake, umejaa ganzi na sindano hadi kwenye kucha. Akasema astaghfirullah kwa sauti, mara nyingi. Kwenye shati jeupe la mwalimu vidole vitano vya oili nyeusi vilipanda kutoka kifundoni hadi begani, na ukiangalia vizuri havikuwa vya ukubwa wa vidole vya Ruqaya.

Gari lilikuwa limefika pale ambapo kupanda kunakwisha, likasimama lenyewe. Musau alikuwa analia, lakini kinywa chake kilikuwa kama cha mtu anayetaka kucheka.

"Alikuwa akikasirika anafinya," akasema. "Hakuwa anapiga kelele."

Walirudi mjini. Mwalimu alibadilisha gia zote mwenyewe, na hakukuwa na kosa hata moja. Kwenye gereji alimshukuru kwa Kikamba, "ni muvea, Mama Sumayya," akainamisha kichwa, akaondoka.

Tangu siku hiyo liva haijatembea. Mwalimu alimpigia Ruqaya simu mwezi wa nane kumwambia hivyo. Alisema akikanyaga klachi bado husubiri, sekunde moja tu, injini inalia bure barabarani, halafu ndipo anavuta. Ruqaya alimwambia asubiri, haiharibu kitu.

Ruqaya mwenyewe aliumwa na mkono siku nne. Alimweleza Farhan aliporudi kutoka Mombasa, na Farhan aliushika ule mkono akaugeuzageuza. Kisha akamwambia asiikubali tena kazi ya namna ile.

Ameikubali mara mbili. Moja ya kijana wa mashindano wa Mavoko, nyingine ya mzee mmoja mwenye goti na bega bovu la kweli, ambaye Ruqaya alimzungusha mkono mbele ya mkewe mpaka akaridhika. Ila siku ya kujaribu haingii ndani. Humwambia mwenye gari aende peke yake, apande hadi kwenye kona, ageuze, arudi. Yeye husimama kando ya barabara na vumbi lake, mikono imeingizwa mifukoni mwa ovaroli, akisikiliza.

"Fundi, si uingie usikie vizuri?" yule mzee alimuuliza.

"Nasikia," akasema. "Wewe nenda."